Filamu Alizozifelisha Mwenyekiti

Hakuna filamu iliyotoka kwenye riwaya iliyowahi kufaulu mbele ya Mwenyekiti. Alikuwa mhadhiri wa takwimu, na filamu alizisahihisha kama alivyosahihisha mitihani, kwa kalamu nyekundu, kwa haki, bila huruma. Kumi ilikuwa alama ya kitabu chenyewe. Tisa, nane na saba nadhani aliwawekea malaika. Alama ya juu kabisa niliyopata kumsikia akiitoa ni nne, na aliitoa kwa sababu mwigizaji mmoja alikuwa na masikio sawasawa na yale yaliyoelezwa katika sura ya pili.

"Masikio wameyapata," alisema. "Kichwa kilichobaki ni cha mtu mwingine."

Tulimwita Mwenyekiti kwa kuwa aliongoza kikundi chetu cha wasomaji, sisi wasema Kiswahili tulioletwa Johannesburg na kazi, masomo, ndoa au vita. Hatukumchagua. Siku ya kwanza tulipokutana alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na meza, akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Nani hajasoma?" Watu wakainamisha vichwa, na uchaguzi ukawa umekwisha.

Tulikuwa tukisoma riwaya, kisha Jumamosi mchana tunakutana kuijadili, na kama kuna filamu yake tunaitazama pamoja halafu tunagombana. Tulikutana Yeoville, katika saluni ya Furaha, msusi wa kutoka Bukavu, kwa sababu Furaha alikuwa na runinga kubwa kuliko sote na viti vinavyozunguka. Mimi ni mfamasia, naishi Midrand, nyumba ya tatu kutoka kwa Mwenyekiti, kwa hiyo nilipewa cheo cha kumwendesha. Barabara kuu hakuipenda. Alidai malori yake yanaendeshwa na watu wasiosoma. Mimi aliniita Daktari wa Vidonge, na nilipomkumbusha kwamba mfamasia si daktari, alisema ndiyo maana ameongeza "wa vidonge".

Furaha hakuwahi kudai kwamba amesoma kitabu chochote. Huo ndio uliokuwa ugomvi wao wa kudumu, na bila ugomvi huo sidhani kama kikundi kingeishi mwaka mmoja.

"Mama Prezidente, miye kitabu sikusoma," angeanza, huku akimsuka mtu. "Lakini filme niliiona, na nililia."

"Ulilia nini?"

"Ule mwanamuke, vile alikufa."

"Katika kitabu hafi."

"Hafi?"

"Anafungua duka la vitambaa. Umelilia mtu mzima mwenye biashara yake."

Furaha alifikiri kidogo, kitana kimesimama hewani. "Eh, lakini machozi ilikuwa ya kweli," akasema, akaendelea kusuka.

Misemo yake tuliijua kwa moyo. Filamu, alisema, ni kitabu kilichopata ajali. Mwongozaji ni mtu aliyesoma kitabu huku ameitwa mlangoni. Muziki wa filamu ni wa kuwaambia wasiosoma wahuzunike wapi. Mwendo wa polepole, pale mtu anapokimbia kama anaogelea kwenye uji, aliuona ni tusi kwa mtazamaji na kwa miguu pia. Hata hivyo hakutoka ukumbini kabla ya mwisho, hata filamu iwe mbaya namna gani. Alibaki akisoma majina yote yanayopanda, mpaka ya madereva na wapishi. "Lazima nijue wa kulaumiwa ni nani," alieleza. Mara moja umeme ulikatika saluni kwa mgao zikiwa zimebaki dakika chache filamu iishe. Sote tuliguna. Yeye alipiga makofi gizani, akasema hatimaye serikali imefanya uhariri.

Kuazima kitabu kwake ilikuwa kama kuomba viza. Ulikaa sebuleni kwake ukaulizwa utakisomea wapi, lini, na mikono yako huwa na mafuta saa ngapi. Ulipokirudisha ulitahiniwa, na maswali hayakuwa juu ya visa, maana visa unaweza kuvipata kwenye filamu. Aliuliza mvua ilinyesha sura gani. Aliuliza bibi harusi alikuwa na viatu vya rangi gani. Mimi nilifeli viatu nikarudishiwa kitabu nikisome tena, nami nikakisoma tena, mtu mzima mwenye leseni ya kutoa dawa za moyo.

Msidhani hakuwa na dhambi. Furaha ndiye aliyegundua kwamba Mwenyekiti anakuja saluni siku za katikati ya juma, nywele zake zikiwa hazina shida yoyote, na kwamba huja saa ile ile inapoanza tamthilia moja ya runinga, ndefu isiyo na mwisho, ambamo mtu yule yule hupoteza kumbukumbu kila anapokaribia kuoa. Tulipomkabili mbele ya kikundi, hakutikisika.

"Hiyo haikutoka kwenye kitabu," alisema. "Haina mtu wa kumsaliti."

Dhambi ya pili ilikuwa ya ndani zaidi, na tuliifanyia mzaha kidogo tu, kwa sababu ilimuuma. Mwanamke huyu aliyetukemea tukichanganya ngeli alikuwa na binti asiyesema Kiswahili. Makena, mtoto wake wa pekee, alikisikia chote lakini alijibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. Alipoanza shule hapa, mwalimu mmoja alimshauri Mwenyekiti aseme Kiingereza nyumbani ili mtoto asibaki nyuma. Mwenyekiti alitii. Alikuwa mgeni, anasoma shahada yake, na aliamini kwamba walimu wa nchi hii wanajua wanachosema. Mtoto hakubaki nyuma. Alienda mbele mpaka mama akawa hamfikii kwa lugha yake mwenyewe.

Makena alikua akawa mtengenezaji wa filamu. Mwenyekiti alitutangazia jambo hilo kwa sauti ya mtu anayesema mwanawe amefungwa.

Sasa lazima niseme juu ya kile alichokiita Kitabu Chenyewe. Kilikuwa riwaya fupi ya Kiswahili, imechakaa, jalada limeshikwa na gundi ya karatasi, na mwandishi wake alikwisha kufariki bila kupata sifa kubwa. Inahusu mama aliyekwenda mbali kufanya kazi ya udobi katika hospitali ya misheni, akamwacha binti yake mdogo kwa dada yake. Anafua mashuka ya wagonjwa miaka mingi. Anaporudi amebeba gauni jekundu la kumletea mtoto, na gauni lenyewe ni dogo, kwa sababu alilinunua kwa kipimo cha mtoto aliyemwacha. Anamkuta binti kisimani na ndoo. Binti anamtazama. Anasema, "Shikamoo, mgeni," anajitwika ndoo, anaondoka. Hapo kitabu kinaishia.

Mwenyekiti alisema huo ndio mwisho bora kabisa katika lugha yetu, kwa sababu haumwongopei mtu. Tulikisoma mara mbili kikundini. Mara zote mbili Furaha alikataa kuja siku ya kujadili sura ya mwisho, akidai kuna wateja.

Basi Jumamosi moja Makena alikuja saluni, akasimama karibu na kioo, akasema kwa Kiingereza kwamba anatengeneza filamu ya Kitabu Chenyewe. Ameshapata wafadhili na waigizaji. Warithi wa mwandishi wametoa ruhusa bila kuuliza swali hata moja, jambo ambalo baadaye Mwenyekiti alilichukua kuwa ushahidi kwamba hata wao hawajakisoma. Alitaka pia saluni ya Furaha kwa siku chache za kupiga picha, na Furaha mwenyewe awe ndani.

"Miye? Ndani ya filme?" Furaha aliacha kichwa cha mteja nusu. "Nitakufa?"

"Hapana, Mama Furaha," Makena alimjibu, bado kwa Kiingereza. "Utasuka tu."

"Bon. Nakubali."

Sote tulimgeukia Mwenyekiti. Alikuwa akifuta miwani yake.

"Mtoto hajui ngeli ya ndoo," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "na anataka kuongoza kisima."

Makena alielewa kila neno. Alichukua mkoba wake akatoka. Tulisikia viatu vyake vikishuka ngazi, kisha Furaha akamkumbuka mteja wake.

Miezi iliyofuata niliipokea habari ya filamu garini, vipande vipande, siku zote kwa njia ya malalamiko. Kisima kimeondolewa, sasa ni bomba la uani huko Yeoville. Misheni imeondolewa, mama sasa anafanya kazi katika kiwanda cha kufulia cha Doornfontein. Wahusika wanasema Kiswahili, Kizulu na Kiingereza, wakati mwingine katika sentensi moja. "Kama sisi," nilithubutu kusema. "Sisi si fasihi, Daktari," alinijibu. Lakini niligundua kwamba mambo haya yote alikuwa akiyapata kwa Makena mwenyewe, kwa simu, kila Jumapili. Walikuwa wanagombana kuliko zamani, na maana yake ni kwamba walikuwa wanaongea kuliko zamani. Nililinyamazia.

Filamu ilioneshwa mara ya kwanza katika ukumbi wa chuo kule Doornfontein, Jumamosi mchana. Kikundi kizima kilikwenda. Furaha alivaa kitenge kipya na kilemba kirefu, akawaomba samahani watu wa safu ya nyuma, lakini hakukivua. Mwenyekiti alikaa kati yetu, Kitabu Chenyewe mapajani, kalamu nyekundu mkononi, karatasi juu ya kitabu.

Nilimtazama yeye kuliko nilivyotazama filamu. Mwanzoni kalamu ilikimbia. Bomba, alama. Kiwanda, alama. Furaha alipotokea akisuka, akasema sentensi zake mbili, ukumbi ulicheka na Mwenyekiti akaandika kitu kirefu. Kisha kwenye kiwanda, mama yule akikunja shuka na mfanyakazi mwenzake, wakikaribiana na kuachana, wakikaribiana na kuachana, bila muziki, nikaona kalamu imesimama. Haikusogea tena.

Mwishoni mama anafika uani na gauni jekundu kwenye mfuko wa plastiki. Mtoto yuko bombani. Anageuka. Anamtazama muda mrefu. Halafu ndoo inaanguka, maji yanamwagika, na mtoto anakimbia, ndiyo, kwa mwendo wa polepole, na muziki, mpaka mikononi mwa mama. Watu walisimama wakapiga makofi. Furaha alilia kwa sauti ya msiba.

Makena alipanda jukwaani kujibu maswali. Mmoja akauliza kuhusu kamera, mwingine kuhusu wafadhili. Kisha nikahisi kiti kando yangu kimetokwa na uzito. Mwenyekiti alikuwa amesimama na kipaza sauti kimeshamfikia.

"Nina swali kwa mwongozaji," alisema, kwa Kiswahili, ingawa nusu ya ukumbi haikukijua. "Katika kitabu, mtoto hakimbii. Anamwamkia mama yake kama mgeni, kisha anaondoka. Huo ndio moyo wa kitabu. Naomba atueleze, mwisho huu ameutoa wapi?"

Sauti ile haikuhitaji kutafsiriwa. Makena alianza kujibu kwa Kiingereza, akasita. Akaushusha mkono wenye kipaza sauti, akaupandisha tena.

"Kwako, Mama," alisema, kwa Kiswahili.

Watu wawili watatu walicheka, wakidhani ni utani.

"Mimi nilijaribu kusoma kitabu. Kiswahili yake ni ngumu, nilifika ukurasa kidogo tu. Lakini hadithi nilikuwa nayo. Ulikuwa unaniambia kwa gari, tukienda shule. Kila asubuhi. Unaniambia, mtoto anaangusha ndoo, anakimbia. Hiyo ndio mwisho mimi najua. Sijui ingine."

Mwenyekiti alikirudisha kipaza sauti kwa mtu aliyekileta, akamshukuru, akaketi. Aliikunja karatasi ya alama akaiingiza kwenye mkoba. Furaha, ambaye kwa kawaida angesema neno, alimshika mkono tu.

Nilimrudisha Midrand. Tulisimama kwenye robot, taa za barabarani zikiwa nyekundu, mtu akituuzia chaja za simu kupitia dirishani.

"Nilimwacha akiwa hajaanza kutembea," alisema. "Kwa dada yangu, Meru. Nilikuja kusoma. Nilisema mwaka mmoja. Unajua mwaka mmoja wa hapa unavyokuwa. Dada alipomleta, alikuwa na miaka mitano. Nilikwenda kuwapokea uwanja wa ndege. Akajificha nyuma ya sketi ya dada. Dada akamsukuma, msalimie mama. Akatoka, akanisalimia. Alinisalimia vizuri sana, Daktari. Kwa adabu zote. Kama unavyomsalimia mke wa mchungaji."

Taa ikawa ya kijani. Niliendesha.

"Kitabu kile nilikisoma nikiwa msichana," aliendelea. "Nilikipenda kwa sababu mwisho wake ni wa kweli. Ni rahisi kuupenda ukweli ukiwa wa mtu mwingine. Kisha nikaanza kumsimulia yule mtoto asubuhi, garini, Kiswahili chetu kilikuwa humo tu. Nikafika mwishoni. Nikamwangalia kwenye kioo. Amekumbatia mkoba wa shule, anangoja. Wewe ungefanya nini?"

"Ningemfanya akimbie."

"Basi nawe ni mwongozaji," alisema, kwa sauti ya mtu anayemtangaza mwizi.

Nilimuuliza filamu ameipa ngapi. Alisema hajasahihisha.

Hajasahihisha mpaka leo, kwa kadiri ninavyojua, na kikundi kilipotaka kuijadili aliamua kwamba ana mgongano wa maslahi, akamwachia Furaha kiti kwa siku hiyo. Furaha aliongoza kwa kuionesha tena sehemu yake.

Mara ya mwisho nilipokaa nao kwa muda ilikuwa majira ya baridi ya mwaka jana, katika siku zile Midrand ina jua kali na mikono inaganda. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kustaafu. Nilimpelekea dawa zake za presha mchana wa Jumapili. Alinifungulia kwa kuniashiria ninyamaze, kama nimeingia ibadani. Sebuleni Makena alikuwa amejikunja kwenye kochi na blanketi, na juu ya meza kulikuwa na chai na Kitabu Chenyewe, kimefunguliwa karibu na jalada la nyuma.

"Kaa," aliniambia Mwenyekiti. "Tuko sura ya mwisho."

Alikuwa akimsomea. Walianza, Makena alinieleza baadaye, tangu mvua zilipokatika, kila Jumapili sura moja. Kilikuwa kitabu chote, pamoja na visima na misheni, na neno gumu likitokea wanasimama wanagombania maana yake. Nikakaa na mfuko wangu wa dawa.

Mwenyekiti alisoma vizuri, bila kuigiza. Alisoma mama akishuka kwenye lori. Alisoma gauni. Alipofika kisimani alipunguza sauti, akanyamaza. Nilidhani anatafuta mstari. Hakuwa anatafuta, kidole chake kilikuwa juu yake.

"Soma, Mama," alisema Makena. "Soma vile imeandikwa."

"Vile kilivyoandikwa," alisema Mwenyekiti. "Kitabu. Ki."

"Vile kilivyoandikwa."

Akasoma. "Shikamoo, mgeni." Akasoma binti akijitwika ndoo, akasoma njia aliyoifuata, mpaka neno la mwisho, kisha akaweka kitabu mezani kikiwa wazi. Nje kulikuwa na mtu anakata nyasi kavu kwa mashine. Makena alikuwa akitazama chai yake.

"Si kweli," alisema.

"Nini si kweli?"

"Huyo mtoto. Mwandishi anasema hajui mama yake." Alijikunyata ndani ya blanketi. "Mimi nilikujua. Pale airport. Anti alikuwa na picha yako kwa ukuta, nilikuwa naiona kila siku. Nilikujua hata kabla hujaniona."

Miwani ya Mwenyekiti ilikuwa imeteremka puani na hakuipandisha.

"Ulinisalimia kama mgeni," alisema.

"Ndio. Nilikuwa nimekasirika."

Nilitamani sana kuwa kwangu, lakini mfuko wa dawa ungepiga kelele nikisimama. Mwenyekiti alimtazama binti yake kwa muda, jinsi alivyokuwa akitazama kitabu kinachorudishwa, akitafuta swali. Nilitegemea aseme jambo la kutukata sote, maana ndivyo alivyokuwa akijitoa mahali pagumu.

"Umekasirika miaka yote hiyo," alisema, "nami nikadhani umenisahau."

"Sikusahau kitu."

"Na sasa?"

Makena alifikiri, akitafuta maneno, na mama yake safari hii hakumpa.

"Sasa imeisha," alisema. "Karibu yote."

Mwenyekiti aliinuka, akaenda akakaa kwenye kochi upande wa miguu ya binti yake, akavuta ncha ya blanketi akajifunika magoti. "Niambie hiyo iliyobaki," alisema. "Polepole. Kwa Kiswahili."

Niliweka dawa mezani, nikajifungulia mlango mwenyewe.